Zimeni Spika, Mleteni Mpiga Tabla

Barua ya wazi kwa walimu wakuu, wanakamati wa vituo vya jamii na maofisa wa elimu na utamaduni wanaosimamia masomo ya densi na ngoma za Kihindi kwa watoto wa Mombasa

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, sitawazungusha. Naomba muhula ujao, kabla hamjashonesha mavazi mapya ya densi wala kukodi spika kubwa kuliko za mwaka jana, mmtafute mtu mmoja anayejua kupiga tabla, zile ngoma mbili za kaskazini mwa India, au mridangamu, ngoma ya kusini, mmlipe, akae chumba kimoja na watoto wanaojifunza densi za bharatanatyamu na kathaki. Akae nao kila kipindi, tangu wiki ya kwanza. Na watoto hao hao wanaocheza wafundishwe kuitamka, kuihesabu na kuipiga ngoma wanayoichezea.

Mimi ni mwalimu wa tabla. Wanafunzi wangu ni watoto wa shule za msingi: wengine Wahindi, wengine Waswahili wa Mji wa Kale, wengine wamekuja juzi kutoka bara na tabla wameiona kwenye filamu tu. Kwa muda mrefu nimekuwa mtu wa kuitwa dakika za mwisho. Mwalimu wa densi amekwisha wazoesha watoto kwa wimbo wa simu, sherehe iko Ijumaa, basi Jumatano napigiwa: njoo na ngoma zako ukae jukwaani, upendezeshe. Nikifika naambiwa nipige polepole nisiufunike wimbo wa spika. Yaani nawekwa pale kama maua ya plastiki mezani. Heshima yangu naweza kuilinda mwenyewe. Kinachoniuma ni kile ambacho mtoto anakikosa, na ndicho nitakachokieleza.

Tazameni kwanza densi hizi zinavyofundishwa kwao. Kusini mwa India, darasa la bharatanatyamu halianzi na wimbo. Mwalimu hukaa sakafuni, mbele yake kigogo kidogo cha mbao, mkononi kijiti. Anagonga na kutamka: tai ya tai, tai ya tai. Mtoto amejishusha nusu, magoti yametazama nje, mkao wanaouita aramandi, na nyayo zake zinamjibu mwalimu. Hatua ile ile hupigwa kwa mwendo wa kwanza, kisha maradufu, kisha maradufu tena, huku kijiti kikibaki pale pale na pigo lake la msingi. Mtoto anajifunza kwamba miguu inaweza kukimbia bila wakati kukimbia. Wimbo utakuja baadaye sana.

Wala huu si mtindo wa walimu wachache wakali. Hatua za msingi za bharatanatyamu na mpangilio wa onyesho lake zilitiwa utaratibu mwanzoni mwa karne ya 19 na ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, ambao walikuwa watunzi wa muziki na walimu wa densi kwa wakati mmoja. T. Balasaraswati, mchezaji ambaye wajuzi wengi wa karne iliyopita walimweka juu ya wote, alitoka katika nyumba ya wanamuziki. Bibi yake, Veena Dhanammal, alikuwa mpigaji mashuhuri wa vina, ala ya nyuzi ya Kihindi, na Balasaraswati mwenyewe alikuwa akiimba huku anacheza. Alifariki mwaka 1984. Kwa watu wa nyumba ile, kumfundisha mtoto kucheza bila kumfundisha muziki lingekuwa jambo la kuchekesha.

Kaskazini nako ni vivyo hivyo. Mchezaji wa kathaki husogea kwenye maikrofoni, akapiga makofi ya kuhesabu, akatamka kwa kinywa mafungu ya sauti atakayoyacheza, ndipo akarudi katikati kuyacheza. Hadhira inasikia kwanza na kuona baadaye, kwa hiyo akiteleza inamkamata. Birju Maharaj wa Lucknow, aliyefariki Januari 2022, alikuwa jina kubwa kuliko yote katika kathaki, na tabla alikuwa akiipiga, na kuimba alikuwa akiimba. Huko Kerala, katika chuo cha Kerala Kalamandalam kilichoanzishwa mwaka 1930, vijana wanaojifunza kathakali, mchezo wa kuigiza kwa densi, na vijana wanaojifunza ngoma za chenda na maddalamu wanakaa ndani ya ua mmoja, na mazoezi yanaanza alfajiri. Nendeni Manipur, kaskazini-mashariki kabisa, mtawaona wanaume wanaocheza huku ngoma iitwayo pungu wameivaa shingoni; wanaruka, wanazunguka hewani, na pigo halipotei. Hapo hata ukitaka kumtenga mpigaji na mchezaji huna pa kukata. Sankirtana ya Manipur, ibada ya nyimbo, ngoma na densi, ambayo upigaji huo ni sehemu yake, UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013.

Najua India kwenyewe madarasa mengi siku hizi yanatumia rekodi. Lakini mtoto wa Chennai akitoka darasani anakutana na ngoma kwenye harusi ya shangazi yake, hekaluni, na kwenye matamasha ya Desemba. Mtoto wa Makadara hapa Mombasa akitoka darasani anakutana na bodaboda. Darasa lisipompa ngoma, hakuna pengine atakapoipata.

Rukmini Devi Arundale, mchezaji aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mwaka 1936 huko huko Chennai, mji uliokuwa ukiitwa Madras, anatajwa kuwa ndiye aliyewakalisha wanamuziki pembeni mwa jukwaa. Kabla yake walikuwa wakisimama nyuma ya mchezaji, wakimfuata kila anakokwenda. Sisi huku tumewasogeza zaidi: tumewatoa pembeni, tukawatia ndani ya simu.

Sasa niwaonyeshe kinachotendeka chumbani, maana wengi wenu mnafika siku ya sherehe peke yake. Mtoto wa miaka saba hagusi ngoma siku ya kwanza, na mimi simpi hata akililia. Anakaa chini, anaambiwa aseme: ta-ka-di-mi. Hiyo ni nne. Ta-ki-ta, hiyo tatu. Tano ni ta-ka-ta-ki-ta, mbili na tatu zimeshikana. Saba ni ta-ka-di-mi-ta-ki-ta. Wanacheka mpaka wanalala chini, kwa sababu ulimi unajikwaa. Waacheni wacheke. Kisha mkono unaingia. Mzunguko wanaouita aditala una mapigo 8: kofi moja, halafu vidole vitatu vinahesabiwa kimoja kimoja, cha mwisho, cha pete, cha kati, halafu kofi na kugeuza kiganja, kofi na kugeuza kiganja. Mkono ukishajua njia yake, nawaambia kinywa kiseme ta-ki-ta bila kukoma, silabi moja kwa kila pigo. Mara ya kwanza inavurugika. Mara ya pili inavurugika. Halafu mmoja anagundua, na hajaambiwa na mtu, kwamba kinywa kikirudia ta-ki-ta mara nane, mkono unakuwa umezunguka mara tatu, na vyote viwili vinafika mlangoni pamoja. Mwalimu wa hesabu atakuja kumwandikia jambo hilo ubaoni siku moja, aliite kigawe kidogo cha shirika. Mtoto huyu atakuwa analijua kwa viganja.

Ndiyo maana kwa wenyewe kinywa hutangulia ngoma. Zakir Hussain, aliyefariki Desemba 2024 baada ya kuipeleka tabla pembe zote za dunia, alizoea kusimulia kwamba alipozaliwa na kuletwa nyumbani, baba yake, Ustadhi Alla Rakha, alimshika mikononi akamnong'oneza mapigo ya tabla sikioni.

Baada ya kinywa na kofi, ndipo nafungua mfuko wa tabla. Mzunguko wa kwanza ninaowafundisha ni tintala, mapigo 16 yaliyogawanywa nne nne: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Makofi yako kwenye pigo la 1, la 5 na la 13. Kwenye la 9 hakuna kofi. Mkono unapungwa tu, na hapo ndipo penye akili ya jambo lote. Sikilizeni sauti zenyewe: dhin inageuka tin, dha inageuka ta, kwa sababu ngoma nzito ya mkono wa kushoto imenyamaza. Baada ya mapigo machache inarudi. Mchezaji aliyezoea hilo hahitaji kuhesabu moja mpaka kumi na sita kichwani. Anasikia uzito ukiondoka, anajua yuko nusu ya safari. Anausikia ukirudi, anajua nyumbani ni karibu.

Mtoto aliyefundishwa kwa wimbo wa simu hana habari na haya. Yeye anafuata maneno ya wimbo: mwimbaji akifika neno fulani ninyooshe mkono, akifika neno jingine nizunguke. Si kosa lake. Ndivyo alivyofundishwa.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, wasichana wanane walikuwa jukwaani, wimbo unatoka kwenye simu ya mwalimu wao iliyounganishwa na spika za ukumbi. Katikati ya densi simu ikaita. Ukumbi mzima ukajaa mlio wa simu, wimbo ukakatika, na watoto wakasimama ghafla, mikono bado imeshikilia ishara za maua, macho yamemtafuta mwalimu. Mwalimu mbio. Wazazi kicheko, kicheko cha upendo lakini kicheko. Ila mmoja wao, binti anayekuja kwangu Jumamosi kujifunza tabla, miguu yake haikusimama. Midomo inacheza, njuga zinalia peke yake katika ule ukimya, akaenda mzunguko mmoja, akaingia wa pili. Kisha akatazama kulia na kushoto, akaona wenzake wamesimama, akaona haya, naye akasimama. Wimbo ulipowashwa tena ulianzia mwanzo, na wote wanane wakaanzia mwanzo. Nilikuwepo. Aliyestahili kupigiwa makofi jioni ile ndiye aliyejiona amekosea.

Kuna na suala la njuga, ambalo sijui kama limewahi kuwafikia mezani. Mchezaji mzima wa kathaki hufunga njuga 100 au zaidi kila mguu, watoto hufungwa chache. Kazi ya njuga ni kumsikilizisha mchezaji mguu wake mwenyewe: umetua juu ya pigo, kabla yake au baada yake. Ukiwasha spika kubwa nyuma yake, njuga hazisikiki kabisa. Mtoto anafungwa mzigo wa shaba miguuni ambao hauna tena kazi, na mwalimu naye hasikii nani kakosea. Wanabaki kuonana tu. Tena rekodi haimsubiri mtu. Mwenye miaka saba na mwenye miaka kumi na mbili wanaburutwa kwa mwendo mmoja, uliochaguliwa studio na mtu asiyewajua. Mpigaji aliye hai anaona goti la mtoto linatetemeka, anapunguza mwendo. Mwalimu akisema turudie kuanzia pigo la tisa, tunarudi pigo la tisa, hapo hapo. Kwa simu, mwalimu anasugua kioo kwa kidole akitafuta mahali, na watoto wamekwisha anza kusukumana.

Nikiwa hapo hapo kwenye magoti: sakafu zenu ni vigae juu ya saruji. Kukanyaga kwa nguvu, peku, kila wiki juu ya saruji si jambo jema kwa visigino na mifupa ya mtoto. Tandikeni mbao nene za kukanyagia. Hili halihitaji kamati ndogo.

Nirudi kwenye ngoma, maana wengi wenu mnaihesabu kama chombo cha kufurahisha tu. Tabla ya kulia ni mti uliochimbwa, ya kushoto ni shaba, na juu ya kila ngozi kuna duara jeusi. Duara hilo ni ujiuji wa unga wa chuma na unga wa nafaka, unaopakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe mpaka unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo zinazouacha uchezecheze na ngozi. C. V. Raman, Mhindi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930, alichapisha uchunguzi juu ya ngoma hizi miaka kumi kabla ya tuzo hiyo. Ngozi ya ngoma ya kawaida ukiipiga hutoa sauti nyingi zisizopatana. Ule uzito mweusi unazipanga mpaka zinapatana kama sauti za uzi uliokazwa. Ndiyo sababu tabla inaimba noti. Mwalimu wa sayansi anayefundisha mawimbi ya sauti angeweza kunikopa kwa nusu saa, na hajawahi kuniita hata mmoja.

Kumfundisha mtoto sauti ya kwanza, na, ni kazi ya siku nyingi. Kidole cha pete kinatulia juu ya ukingo wa ule weusi, kinagusa tu. Cha shahada kinapiga ukingo wa nje na kuondoka. Ukikandamiza kidole cha pete, sauti inakufa. Ukikiinua, ngoma inavuma ovyo. Watoto wenye nguvu, wale mnaowaita watundu, huanza kwa kuipiga kwa kiganja kizima. Ngoma haiwaitikii. Wanapiga kwa nguvu zaidi, haiwaitikii. Siku wanapojaribu kwa wepesi ikalia, huwa wanageuka kunitazama kuhakikisha nimesikia. Nimewaona watoto walioshindikana madarasani kwenu wakikaa robo saa nzima juu ya kidole kimoja.

Lakini ngoma hizi mnaziua. Hali ya hewa ya Mombasa ngozi haiipendi. Masika yakiingia inalegea, unagonga vigogo vya pembeni kwa nyundo mpaka inarudi, na kesho imeshuka tena. Nimekuta tabla zimewekwa stoo na mipira na ndoo za deki, weusi umebanduka, na bado mtu anataka zipigwe Ijumaa. Wekeni kabati moja kavu. Tengeni fedha kidogo za ngozi mpya kila mwaka, kwa sababu mara nyingi huagizwa kutoka India. Na mafundi wetu wanaowamba ngoma za hapa pwani, ambao mkono wao kwenye ngozi ni hodari, kijana mmoja wao akitumwa akajifunze kuweka ule weusi, mji huu hautakuwa tena na haja ya kuagiza.

Kuhusu fedha sitakuwa mrefu. Nimeonyeshwa bajeti ya sherehe moja ya watoto. Ndani yake mlikuwa na mshonaji, vipuli na maua ya nywele, ukumbi, spika, mpiga picha, mpiga video na keki. Ngoma ilikuwa mstari mmoja: nauli ya mpigaji. Msiniambie hakuna pesa.

Wala msiniambie hakuna mpigaji. Huu ni mji wa Juma Bhalo. Yule bwana, aliyefariki mwaka 2014, aliimba taarabu kwa mahadhi ya Kihindi mpaka Wahindi wenyewe wakawa wanamsikiliza, na nyuma yake palikuwa na hamoniamu, na tashkota, ile ala ya nyuzi, na watu waliokuwa wakizungumza na tabla. Baadhi ya wapigaji wa taarabu ya aina ile wako hai, na wana wao wako. Wanakaa barazani wanacheza bao. Mkono wao haukupita shule ya Lucknow wala ya Punjab, kweli, na majina ya mapigo pengine wanayaita kwa namna yao. Wapeni semina fupi na mwalimu aliyesoma, mtapata wasaidizi wa darasa ambao hakuna kituo cha utamaduni ng'ambo kitakachowapata. Mtoto wa Kihindi akifundishwa tabla na mzee wa Mji wa Kale atajua jambo juu ya mji wake ambalo hakuna kitabu kitamwambia.

Tafadhali pia acheni ule mgawanyo wa wavulana kwenye ngoma na wasichana kwenye njuga. Birju Maharaj alikuwa mwanamume. Anuradha Pal, mwanafunzi wa Alla Rakha na Zakir Hussain, ni mwanamke, na amejaza kumbi kwa tabla. Wagawieni watoto ngoma na njuga kwa zamu: nusu wanapiga na kutamka, nusu wanacheza, halafu wanabadilishana. Hilo peke yake litawapunguzieni idadi ya ala mnazohitaji kununua.

Lipo jambo linalozungumzwa pembeni na haliandikwi, nalo ni dini. Bharatanatyamu ilikulia katika mahekalu ya kusini na imebeba visa vya miungu ya Kihindu, Shiva na Krishna. Hata ile salamu ya mwanzo, mchezaji anapogusa ardhi, ni ya kuiomba radhi ardhi atakayoikanyaga. Kuwaficha wazazi Waislamu na Wakristo jambo hili ni kujitafutia ugomvi. Nimeona mtoto mwenye kipaji akitolewa darasani kimyakimya baada ya baba yake kuyatambua hayo siku ya sherehe, mbele ya watu. Angeambiwa mapema, pengine angechagua kathaki, ambayo imepita pia katika mabaraza ya watawala Waislamu. Nawabu Wajid Ali Shah, aliyetawala Lucknow mpaka Waingereza walipomwondoa mwaka 1856, alikuwa mlezi wake mkubwa, na mpaka leo kathaki ina kipande cha kufungulia kiitwacho salami. Au angechagua sehemu ya densi ambayo ni mapigo matupu, isiyo na kisa cha mtu wala mungu. Au angeichukua tabla, ambayo mabingwa wake wengi ni Waislamu. Andikeni barua kwa wazazi kabla ya usajili: vipande ni hivi, maana yake ni hii, mtoto asiyetaka kukutanisha viganja asimame tu. Wengi watakubali. Watu wa pwani wameishi na hekalu, msikiti na kanisa katika mtaa mmoja tangu lini.

Wakubwa zaidi kidogo waelezwe na historia yenyewe bila kupakwa rangi: kwamba densi hii ililindwa na wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, kwamba mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku uwekaji wakfu huo, na kwamba wengi wa wanawake hao walibaki nje wakati sanaa yao ikipandishwa majukwaa ya heshima. Mtoto wa gredi ya nane anaweza kuibeba habari hiyo.

Sasa nani alipe? Nishachoka kutumwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kwa hiyo niseme ninavyoisoma sheria. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze utamaduni kwa njia ya sanaa. Jedwali la Nne linaiweka shughuli ya utamaduni mikononi mwa kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Shule za msingi ni za serikali kuu. Basi kumlipa mpigaji kama shughuli ya utamaduni kunawezekana kaunti, kumpa chumba na kipindi kunawezekana shuleni, na kununua ala kunawezekana kwenye kamati za jamii, ambazo nyingi zimejaliwa. Kila mmoja ana kipande chake. Ninyi wanakamati wa jamii nina neno jingine nanyi: mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Tulifurahi pamoja nanyi. Fungueni basi madarasa yenu kwa watoto wa jamii nyingine, hata kwa nafasi chache tu kila darasa, kwa karo ile ile.

Wazazi nao wasiwakimbize watoto wao. Onyesho la kwanza la peke yake, arangetramu, mtoto anacheza saa nzima na zaidi mbele ya wapigaji walio hai. Kwa walimu wa kweli ni jambo la miaka mingi. Nimesikia mzazi akiulizia tarehe ya ukumbi kabla mwanawe hajamaliza hatua za msingi. Mwalimu akisema bado, msimameni naye.

Ninachowaomba kwa sasa ni kidogo. Kabla muhula haujafungwa, kila kamati na kila shule ibandike kwenye ubao wa matangazo, mahali wazazi wanapita, hesabu mbili za mwaka uliopita: fedha zilizotumika kwa mavazi, ukumbi na spika, na fedha zilizotumika kwa ngoma na mpigaji. Mkishabandika, niiteni kwenye kikao cha bajeti. Nitakuja na tabla zangu, nauli juu yangu.

Wasalaam,

Mwalimu wa tabla,
Mji wa Kale, Mombasa